Waliookoka wa Gahini na Deni la Jirani

Gahini ni kilima kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika huko mwaka 1928 kuhudumu katika hospitali ya misheni ya Kianglikana, na hata hajakaa sawasawa njaa kali ikaipiga nchi. Mwaka uliofuata akaenda Kampala, amechoka mwili na moyo. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba pamoja. Kwa zama zile, Mzungu kukaa hivyo na Mwafrika, bila mmoja kuwa bwana na mwenzake boi, halikuwa jambo dogo.

Kutoka hapo ukashika moto wa Uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda Gahini kufundisha. Akahubiri mno, akafariki Januari 1936 angali kijana. Kufikia wakati huo Uamsho ulikuwa umevuka mpaka kuingia Uganda, na haukukawia kufika Bukoba na milima ya Wakikuyu. Waganda waliwaita wafuasi wake Balokole, yaani waliookoka.

Wanahistoria hupenda kusimulia mikutano mikubwa, mathalani ile ya Kabale ya mwaka 1935 na 1945. Ila nguvu ya Uamsho haikuwa jukwaani. Ilikuwa nyumbani, sokoni na kazini. Aliyetubu hakuachiwa kulia tu kanisani: alitakiwa arudishe alichoiba, alipe deni alilolikana, amwendee jirani aliyemsengenya na kumwambia waziwazi. Karani aliyechota fedha za mwajiri alizirudisha akijua huenda akafungwa. Pombe ya ndizi ilimwagwa. Mume na mke wakaanza kula pamoja, na huko Buganda wanawake waliookoka wakala kuku na mayai, vyakula ambavyo mila iliwakataza. Wazee wa ukoo hawakufurahi hata kidogo, na mtu anaweza kuwaelewa: kwao huo ulikuwa uasi uliovikwa joho la dini.

Kila wiki wandugu walikutana, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao, wakaitikia kwa wimbo wa Tukutendereza. Huko ndiko walikokuita kutembea nuruni. Ni kweli pia kwamba nuru hiyo iliweza kuchoma. Maungamo ya mmoja yalifichua mara nyingine siri ya mwingine ambaye hakuwa ameomba kufichuliwa.

Maaskofu na walimu wa theolojia walitiwa wasiwasi. Mwaka 1941, chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa kukaidi amri ya kuacha maombi ya alfajiri na mahubiri yao dhidi ya dhambi chuoni. Nagenda hakuwahi kuwa kasisi. Akazunguka nchi nyingi akihubiri, naye akasikilizwa kuliko makasisi wengi.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Waliookoka wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji dhidi ya ukoloni, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa ya mbuzi. Wengi wao walikataa vilevile kushika bunduki za serikali kama walinzi wa vijiji. Hivyo wakashukiwa na pande zote mbili, na baadhi wakauawa. Mtu anaweza kupinga msimamo wao kuhusu ukombozi, lakini hawezi kusema waliuchagua kwa kutafuta usalama.

Mafarakano nayo hayakukosekana. Mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake waliojiita Johera, watu wa upendo, walijitenga na Waanglikana magharibi mwa Kenya. Uganda, miaka ya 1970, kundi la waliojiita wameamshwa upya liliwakaripia wandugu hata kwa kukopa.

Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 kupitia Uamsho huu, akawa askofu mkuu wa Waanglikana wa Uganda mwaka 1974, na akauawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Habari zake zimeandikwa. Za mpishi aliyerudisha sukari ya tajiri wake, au mama aliyemwomba radhi mke mwenzake, nyingi zimebaki vinywani mwa wazee. Makanisa yenye wazee hao yawarekodi sasa, kwa lugha zao wenyewe, wangali hai.