Musa Chini ya Mlima Kenya: Kisa cha Kutoka Misri katika Nchi ya Nyeri na Nanyuki

Katika historia ya dini ya nchi inayouzunguka Mlima Kenya, hakuna kisa cha Biblia kilichoingia katika maisha ya watu kwa kina kuliko kile cha wana wa Israeli kutoka Misri, na kisa hicho hakikuingia kwa sababu wamisionari walikipa nafasi ya mbele, kwani mahubiri yao yalielekea zaidi kwenye Injili na toba ya mtu mmojammoja, bali kwa sababu wasomaji wake wa kwanza, wengi wao wakiwa watu walionyang'anywa ardhi au waliolima ardhi iliyo mikononi mwa wengine, walikuta habari zao zimekwisha andikwa humo. Faraja waliyoipata ilikuwa ya namna yake, kwa maana kisa hicho hakimfichi msomaji kwamba safari ni ndefu na kwamba wengi wanaoianza hawaimalizi.

Mji wa Nanyuki, ulio upande wa kaskazini-magharibi wa mlima, unaonyesha vizuri jinsi usomaji huo ulivyopata mashiko. Nyanda za Laikipia zinazopakana nao zilikuwa malisho ya Wamaasai, ambao kufuatia mkataba wa mwaka 1911 walihamishwa kwenda kusini, na zoezi hilo likakamilika mwaka 1913, mwaka uleule ambao kesi yao dhidi ya serikali ilishindwa mahakamani. Ardhi waliyoiacha iligawiwa walowezi wa Kizungu, na kuanzia mwaka 1919 askari wa Uingereza waliotoka katika Vita Kuu ya Kwanza walipewa mashamba katika eneo hilo, na reli kutoka Thika ikafika Nanyuki mwaka 1930. Kazi katika mashamba hayo ilifanywa kwa sehemu kubwa na Wakikuyu waliotoka Nyeri na kwingineko, waliojulikana kama maskwota, yaani wafanyakazi walioruhusiwa kulima kipande kidogo na kufuga mifugo michache kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi siku kadhaa za mwaka. Mwanamume alitembea na kipande, hati ya utambulisho iliyotundikwa shingoni ndani ya kikasha cha bati, na sheria ya mwaka 1937 ikawapa walowezi mamlaka zaidi ya kupunguza mifugo na ardhi ya kulima ya skwota. Kwa mtu wa hali hiyo, sura za mwanzo za kitabu cha Kutoka, zenye wanyapara, hesabu ya matofali na mfalme anayeongeza kazi kila anapoombwa nafuu, hazikuhitaji mfafanuzi. Ni haki kukumbuka pia kwamba Kanaani nayo haikuwa tupu, na kwamba Mmaasai aliyeondolewa Laikipia angeweza kukisoma kisa hichohicho akiwa upande wa wenyeji wanaofukuzwa.

Jambo la pili lililokipa kisa hiki nguvu lilikuwa mlima wenyewe. Kwa mujibu wa mapokeo ya Wakikuyu, Ngai, yaani Mungu Muumba, alimchukua Gikuyu, baba wa kabila, akampandisha juu ya Kirinyaga, ambao ndio Mlima Kenya, akamwonyesha nchi yenye mito na misitu aliyompa yeye na uzao wake, kisha akamwelekeza akajenge mahali panapoitwa Mukurwe wa Nyagathanga, katika Murang'a ya leo, ambako alimkuta mkewe Mumbi. Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa kiongozi wa Kenya huru, aliyaandika mapokeo haya katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotolewa London mwaka 1938. Msomaji aliyelelewa na masimulizi hayo, alipofika kwenye sura ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati, ambamo Musa anapandishwa Mlima Nebo ili aione nchi, alikuta picha aliyoizoea ikiwa na tofauti moja nzito: Gikuyu alishuka akaikalia nchi, ilhali Musa alikufa akiitazama kwa mbali.

Maandiko yenyewe yaliwafikia watu kwa vipande. Agano Jipya zima lilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1926, lakini Biblia kamili haikupatikana katika lugha hiyo hadi mwaka 1951, hivyo kwa robo karne Mkikuyu aliyetaka kulisoma Agano la Kale lote alilazimika kutegemea lugha nyingine, hasa Kiswahili, ambacho kilikuwa na Biblia kamili tangu mwaka 1891 kutokana na kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere huko Unguja. Vituo vya misheni, kama Tumutumu ya Waskoti iliyoanzishwa mwaka 1908 na Mathari ya Wakatoliki wa shirika la Consolata kule Nyeri, vilizaa tabaka jipya la watu walioitwa athomi, yaani wasomaji, na athomi hao hawakusoma walichoelekezwa tu. Kenyatta alieleza, katika sura ya kitabu chake inayohusu dini mpya, jinsi Waafrika walivyogundua kwamba mababu wa imani waliotukuzwa na Biblia walikuwa na wake wengi, wakashangaa kwa nini wao wakatazwe.

Mpasuko mkubwa ulitokea mwaka 1929, pale misheni za Waskoti na baadhi ya misheni nyingine za Kiprotestanti zilipowataka waumini na walimu waahidi kwa saini au alama ya kidole, iliyoitwa kirore, kuachana na tohara ya wanawake. Maelfu waliondoka. Kutokana na kuondoka huko zilizaliwa shule na makanisa huru, likiwemo lile lililokuja kujulikana kama African Independent Pentecostal Church of Africa, na kwa viongozi wake, kutoka katika kanisa la mmisionari kulikuwa tayari ni aina ya kutoka Misri. Wengine walikwenda mbali zaidi. Akurinu, ambao hapo awali waliitwa Arathi, yaani manabii, walijitokeza katika miaka hiyohiyo, wakakataa hospitali na mali za Kizungu, wakasali wameinua mikono na kuuelekea mlima, na hadi leo huvaa vilemba na kuvua viatu wanapoingia katika ibada, kwa kufuata amri aliyopewa Musa mbele ya kijiti kilichowaka moto. Watatu kati yao waliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu mwaka 1934.

Biblia kamili ya Kikuyu ilikuwa haijatimiza miaka miwili mikononi mwa watu wakati Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 kutokana na harakati za Mau Mau, uasi wa silaha dhidi ya utawala wa kikoloni. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji aliyekuwa mtoto wa mchungaji wa Tumutumu, alikamatwa usiku uleule. Mwaka huohuo alikuwa ametoa ukiri wa imani wa Gikuyu na Mumbi, uliofuata umbo la Imani ya Mitume inayokaririwa kanisani. Nyimbo za harakati ziliimbwa kwa tuni za nyimbo za ibada, jambo ambalo mwanaanthropolojia Louis Leakey alilieleza mwaka 1954 kuwa liliwapumbaza Wazungu waliozisikia wakidhani ni sala. Msitu wa mlima ulikuwa ngome ya wapiganaji wa Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, hadi alipokamatwa Januari 1954. Kuanzia katikati ya mwaka huo watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio, na wanawake wengi walilazimishwa kuchimba mtaro mrefu ukingoni mwa msitu ili kuwakatia wapiganaji chakula. Hapo ndipo kisa kilipofanya kazi yake ya ndani kabisa, kwa kuwa kilimpa anayechimba chini ya ulinzi wa bunduki namna ya kuyapanga mateso yake: yalikuwa na mwanzo, yalikuwa na jangwa katikati, na kwa hiyo yangekuwa na mwisho.

Hata hivyo, upande wa pili nao ulikuwa na Biblia. Wakristo wa uamsho, walioitwa ahonoki, yaani waliookoka, walikataa kula kiapo cha Mau Mau na vilevile wengi wao walikataa kubeba silaha za serikali, na waliouawa kwa msimamo huo walijengewa kanisa la ukumbusho Murang'a, ambamo mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, alichora kutani mwishoni mwa miaka ya 1950 maisha ya Kristo Mwafrika katika mandhari ya nchi ya Wakikuyu. Hawa walijifariji kwa msalaba, wale kwa Bahari ya Shamu. Mgawanyo huo usichorwe kwa mstari ulionyooka mno: Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyewahi kusoma Tumutumu, alimwandikia padri wa misheni ya Nyeri barua usiku wa kuamkia kunyongwa kwake, tarehe 18 Februari 1957, akieleza kwamba alikuwa na furaha akijiandaa kwenda mbinguni na akiomba mwanawe asomeshwe.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, wengi walimhesabu Kenyatta kuwa Musa aliyefanikiwa kuvuka, na swali likawa ni nani atakayeikalia nchi. Mashamba ya walowezi hayakutolewa bure. Yalinunuliwa, mengi kwa mikopo iliyopaswa kulipwa, na katika nyanda za Nanyuki na Laikipia watu wa Nyeri walijiunga katika vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, wakachanga fedha za hisa, kisha wakagawana viwanja kwa kupiga kura, utaratibu uleule ambao Yoshua anasimuliwa kuufuata huko Shilo. Aliyetoka kizuizini bila fedha za hisa hakuwa na karatasi ya kuitia katika kura hiyo, na kwake yeye sura iliyobaki ya kusoma ilikuwa ile ya Nebo.