Kitanda Kinatazama Wapi? Historia ya Bustani za Hospitali

Mji wa Edirne uko magharibi kabisa mwa Uturuki, karibu na mipaka ya Ugiriki na Bulgaria. Kando ya mto Tunca, nje kidogo ya mji huo, Sultani Bayezid wa Pili alijenga msikiti, chuo cha utabibu, jiko la kuwalisha maskini na hospitali. Kazi ilikamilika mwaka 1488. Sehemu walimolazwa wagonjwa ni ukumbi wenye kuba, vyumba vimeuzunguka, na katikati ya sakafu kuna chemchemi ya kujengwa. Msafiri Evliya Çelebi, aliyefika hapo katika karne ya 17, aliandika kwamba kikundi cha wanamuziki kumi kiliwapigia wagonjwa mara tatu kwa juma, na kwamba walipewa maua yenye harufu nzuri kuwa sehemu ya tiba. Mgonjwa wa akili aliyelala chumbani mwake aliyasikia maji bila kuinuka.

Jengo hilo leo ni makumbusho ya tiba. Ni kana kwamba aliyelisanifu alianza kwa kujiuliza mgonjwa amelala wapi, anasikia nini na anaona nini. Hiyo ndiyo mizani ya makala haya. Kwa zaidi ya miaka elfu moja hospitali zimekuwa na bustani, zikazipoteza, kisha zikaanza kuzitafuta tena. Katika kila zama, ukitaka kujua bustani ilikuwa ya mgonjwa au ya wageni waheshimiwa, tazama kitanda kilielekea wapi.

Maji ya wakfu, mitishamba ya watawa

Edirne haikuzuka peke yake. Mwaka 1154 mtawala Nur al-Din alianzisha bimaristani, yaani hospitali, mjini Dameski, jengo lenye ua wa wazi na birika la maji katikati. Inasimuliwa kwamba Qalawun, kabla hajawa sultani wa Misri, aliugua akiwa Dameski, akatibiwa kwa dawa zilizotoka kwenye hospitali hiyo, akaweka nadhiri ya kujenga yake iwapo Mungu angempa utawala. Nadhiri aliitimiza Kairo mwaka 1284. Kumbi nne kubwa zilitazama ua, maji yalipitishwa ndani, na gharama zote zikabebwa na wakfu, hata maskini akatibiwa bila kutoa kitu. Huko Aleppo, bimaristani ya Arghun ya mwaka 1354 iligawanywa katika nyua ndogondogo, na vyumba vya wagonjwa wa akili vikapangwa kuzunguka maji na mwanga wa juu. Msomaji aliyewahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe ataielewa mantiki yake mara moja: nje ukuta mnene na kelele za njia, ndani hewa, kivuli na kipande cha mbingu.

Ulaya ya watawa ilikuwa na mpango mwingine. Katika maktaba ya monasteri ya St. Gallen, Uswisi, imehifadhiwa ramani ya ngozi ya mwaka 820 hivi inayoonyesha monasteri kamili. Karibu na nyumba ya tabibu na makazi ya wagonjwa pamechorwa bustani yenye matuta 16, kila tuta limeandikwa mmea wake: waridi, mnanaa, uwatu, bizari nyembamba, rozimari na mingineyo. Bustani hiyo ilikuwa duka la dawa. Lakini kwa kuwa ilipangwa pale pale walipolala wagonjwa, mtawa mgonjwa aliyejikokota hadi mlangoni angekuta dawa yake ikiwa bado inachanua.

York: ukuta usioonekana

Karne ya 18 iliwakuta wagonjwa wa akili wa Ulaya wakifungwa minyororo. Mwaka 1790 mwanamke aitwaye Hannah Mills, wa madhehebu ya Quaker, alifariki katika hospitali ya wendawazimu mjini York, Uingereza, baada ya wenzake wa imani kukatazwa kumwona. Mfanyabiashara wa chai na kahawa, William Tuke, akaongoza juhudi za kujenga nyumba nyingine, The Retreat, iliyofunguliwa mwaka 1796 juu ya mwinuko nje ya mji.

Mjukuu wake, Samuel Tuke, alichapisha maelezo ya nyumba hiyo mwaka 1813, na humo tunaona jinsi mambo madogo yalivyofikiriwa. Fremu za madirisha zilikuwa za chuma, lakini zilitengenezwa zifanane na za mbao, ili asiyeweza kutoka asihisi yumo gerezani. Nyua za kupunga hewa zilikuwa na kuta, ila ardhi iliteremka kutoka kwenye nyumba, hivyo aliyesimama karibu na mlango aliyaona mashamba ng'ambo ya ukuta. Ndani ya nyua hizo waliwekwa sungura, kuku, mwewe na shakwe. Mgonjwa aliyeshindwa kuongea na binadamu alipata kiumbe wa kumtunza.

Mfano wa York ulivuka bahari hadi Marekani na kunakiliwa sana, lakini kunakili huleta na upotofu. Kadiri hospitali za akili zilivyojaa katika karne ya 19, bustani ziligeuka mashamba na wagonjwa wakageuka vibarua wasiolipwa, wakilima chakula cha taasisi nzima. Kushika jembe kwa hiari humtuliza mtu. Kushikishwa jembe ni jambo lingine, hata kama daftari la daktari limeliandika kuwa tiba.

Nadharia mbovu, majengo mazuri

Kwa magonjwa ya mwili, mageuzi yalitokana na kosa. Wataalamu wengi wa katikati ya karne ya 19 waliamini kwamba magonjwa huenezwa na hewa chafu inayotoka kwenye uozo. Kwa sababu hiyo walizitenga wadi ziwe majengo marefu membamba, yenye madirisha pande zote mbili na viwanja vya kijani katikati. Hospitali ya Lariboisière ya Paris, iliyokamilika mwaka 1854, ni mfano mashuhuri. Florence Nightingale, aliyeshuhudia askari wakifa kwa uchafu huko Scutari wakati wa vita vya Crimea, aliupigania mpango huo kwa kalamu yake yote.

Nightingale hakuishia kwenye hewa. Katika kitabu chake cha uuguzi alichotoa kati ya mwaka 1859 na 1860 alisisitiza kwamba mgonjwa aweze kuona nje ya dirisha akiwa kitandani. Aliwakejeli waliokuwa wakiondoa maua wadini usiku kwa hofu kwamba yanaharibu hewa. Akakumbuka homa yake mwenyewe: aliletewa shada la maua ya porini, na tangu hapo nafuu yake ikaongeza kasi. Sayansi baadaye iliitupa nadharia ya hewa chafu, ila majengo yaliyozaliwa nayo yaliendelea kuwafaa wagonjwa.

Mpango huo wa wadi zilizotengana ulifika pwani yetu pamoja na ukoloni. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, iliwekwa mbele ya bahari, ikiwa na veranda pana za kupokea upepo, na si mbali na bustani ya mimea ya serikali. Ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mandhari na kivuli vilihesabiwa kuwa tiba, kisha vikagawiwa kwa rangi ya ngozi.

Aliyelisukuma wazo la kitanda mbali kuliko wote ni Alvar Aalto, msanifu wa Finland. Sanatoria yake ya kifua kikuu huko Paimio, iliyofunguliwa mwaka 1933 ndani ya msitu wa misonobari, aliichora kwa kumfikiria mtu anayelala chali siku nzima. Dari ikapakwa rangi tulivu, taa ikawekwa mahali ambapo haimchomi macho, na veranda za jua zikatazama msitu.

Lifti, viuavijasumu na maegesho ya magari

Kisha bustani ikatoka hospitalini, na ilitoka kwa sababu za heshima. Nadharia ya vijidudu ilifundisha kwamba usafi wa mikono na vyombo unaokoa zaidi kuliko upepo. Streptomaisini, dawa ya kifua kikuu iliyogunduliwa mwaka 1943, ilianza kuzifanya sanatoria zisiwe na kazi. Chuma, lifti na viyoyozi viliwezesha hospitali kupanda ghorofa kumi, na daktari akapunguza mwendo kati ya maabara na chumba cha upasuaji. Hakuna mwenye akili atakayetaka kurudi kabla ya penisilini. Lakini katika hesabu hizo mgonjwa alibaki akitazama ukuta, na kiwanja cha miti kikawa maegesho ya magari.

Mwaka 1984 jarida la Science lilichapisha utafiti mfupi wa Roger Ulrich. Alipekua kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania kati ya mwaka 1972 na 1981, akawachagua wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo. Nusu yao walikuwa na madirisha yanayotazama miti, nusu walitazama ukuta wa matofali. Aliwaoanisha wawili wawili kwa umri, jinsia na hali zao, na alitumia tu kumbukumbu za miezi ambayo miti ya huko huwa na majani. Waliotazama miti walilazwa wastani wa siku 7.96, wenzao 8.70. Walitumia pia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi, na wauguzi waliandika malalamiko machache juu yao. Watu 46 ni wachache, na utafiti mmoja hautoshi kujenga dini. Hata hivyo, wakurugenzi wa hospitali sasa walikuwa na kitu wanachokielewa: siku za kitanda, ambazo ni fedha.

Njia ikafunguka. Clare Cooper Marcus na Marni Barnes walichunguza bustani za hospitali nne za California na kutoa ripoti mwaka 1995. Walikuta watu wanaozitumia wakisema hali ya moyo wao hubadilika kuwa nzuri, na miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wengi waliokuja kupumua kabla ya kurudi zamu. Mwaka huohuo alifariki kwa saratani Maggie Keswick Jencks, mwandishi wa historia ya bustani za Kichina. Kituo alichokipanga akiwa mgonjwa kilifunguliwa Edinburgh mwaka 1996, na vituo vyenye jina lake vimeendelea kujengwa kando ya hospitali za saratani, kila kimoja na bustani yake.

Afrika inapindua vitanda

Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Kampuni ya MASS Design Group iliisanifu kwa ajili ya serikali na shirika la Partners In Health, na kuta zake ni za mawe ya volkano yaliyochongwa na mafundi wa hapo hapo. Wadini, vitanda havikuegemezwa chini ya madirisha kama ilivyozoeleka. Viliegemezwa kwenye kiambaza kifupi cha katikati, ili kila mgonjwa atazame nje, kwenye milima. Wanaosubiri daktari husubiri kwenye hewa ya wazi, kwa sababu kifua kikuu huenea kwenye korido zilizofungwa. Hewa ya Nightingale imerudi, safari hii ikiwa na sababu sahihi.

Huko Laongo, Burkina Faso, Francis Kéré alijenga kituo cha afya mwaka 2014 chenye madirisha ya vimo mbalimbali: la aliyesimama, la aliyeketi, la mtoto na la aliyelala. Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, hospitali ya upasuaji wa watoto iliyosanifiwa na Renzo Piano kwa ajili ya shirika la Emergency ilifunguliwa mwaka 2021. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, na kiwanja cha miti kiko katikati ya wadi.

Kanuni zilizodumu

Ukizikusanya karne hizi pamoja, unapata kanuni chache za kazi. Mimea ichukue eneo kubwa kuliko sakafu ngumu. Njia iwe pana na laini ya kutosha kiti cha magurudumu na drip yake, na kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau njia izunguke na kumrudisha mtu alikotoka bila kumfikisha ukutani. Viti viwe na mahali pa kuegemea na pa kushikia mkono, vingine vya watu wengi, vingine vya mtu anayetaka kulia peke yake. Maji yatembee, kwa sababu katika nchi zetu maji yaliyotuama ni mbu na mbu ni malaria. Na harufu ichaguliwe kwa akili: asumini na mlangilangi vinavyomfurahisha mama aliyejifungua vinaweza kumtapisha anayetibiwa saratani kwa dawa kali. Mgonjwa asiye na kinga ya mwili apewe bustani ya kutazama kupitia kioo, maana udongo una kuvu wa kumdhuru.

Hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki tayari zina kilicho kigumu kupatikana kwingine: wadi za chini, nafasi katikati yake, na miembe au miarobaini mikubwa ambayo ndugu za wagonjwa huketi chini yake tangu asubuhi hadi saa ya kuona wagonjwa, wakiwa na mikeka na vyombo vya chakula. Hakuna msanifu aliyewapangia, na bado hiyo ndiyo bustani inayofanya kazi kuliko zote. Kwa hiyo bodi ya hospitali inapoletewa mchoro wa jengo jipya, na aukague mjumbe mmoja kwa swali hili kabla ya saini: mgonjwa aliyelala ataona nini, na miti ipi itakatwa? Mchoro usiojibu urudishwe kwa aliyeuchora. Mwembe unachukua miaka mingi kutoa kivuli cha kutosha watu ishirini, na msumeno huuangusha kwa asubuhi moja.