Kupunguza Vitu Nyumbani: Kabla ya Kutoa, Jua ni cha Nani



Familia moja ya Unguja inayoishi Bigwa, chini ya milima ya Uluguru mjini Morogoro, imetuuliza kuhusu kupunguza vitu nyumbani. Wanarudi visiwani, mzigo utapanda gari hadi Dar es Salaam, kisha boti. Makabati yamejaa, na baba ameshaanza kugawa. Wanataka kujua kama kuishi na vitu vichache ni katika dini, na vitolewe vipi.

Kumiliki vitu vya halali, hata vikiwa vingi, si haramu kwa asili yake. Suratul A'raf aya ya 31 inakataza israfu, na aya ya 32 inayofuata inamkemea anayeharamisha mapambo ambayo Allah amewatolea waja wake. Ama kuridhika na kichache, huo ndio mwenendo wa nyumba ya Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam). Umar (Radhiya Allahu anhu) aliingia chumbani kwake akamkuta kalala juu ya mkeka uliomwachia alama ubavuni, na chumbani hamna ila vitu vichache, vikiwemo shayiri kiasi cha pishi moja na ngozi iliyotundikwa. Umar akalia. Imo pia Hadithi ya Jabir katika Sahih Muslim kuhusu matandiko: la mume, la mke na la mgeni, na la nne ni la shetani. Wanazuoni wamefafanua kuwa makusudio ni kinachozidi haja na kuwekwa kwa fahari. Mwenye watoto sita hahesabiwi magodoro.

Lakini zuhdi si kufagia nyumba yote kwa siku moja. Ka'ab bin Malik alipokubaliwa toba yake alitaka kutoa mali yake yote sadaka, na Mtume akamwambia abakishe sehemu, kwani hilo ni bora kwake.

Makosa mengi tunayoyaona hayako katika kubakisha. Yako katika kutoa kisichokuwa chako.

Nyumba zetu za visiwani zina mali za watu wengi chini ya paa moja. Kitanda, kabati na godoro mara nyingi viliingia kama mahari, na mahari ni haki ya mke (Suratun Nisaa, aya ya 4). Doti za kanga, sare za harusi zilizovaliwa mara moja, masinia na mabakuli ya shughuli: hivyo mama kavinunua mwenyewe au kavipata kwenye mchezo wa vyombo. Mume hana ruhusa ya kuvigawa kwa hoja kwamba vinajaza nyumba. Na aliyepokea zamu yake kwenye mchezo, zamu za wenzake bado ni deni juu yake, hata vyombo vikishauzwa. Mke naye asitoe cha mume chenye thamani bila idhini. Zawadi aliyopewa mtoto ni ya mtoto, na mzazi ni mlinzi wake tu.

Zito zaidi ni vitu vya marehemu. Imezoeleka, siku za msiba zikimalizika, nguo na vitu vyake kugawiwa jamaa na majirani kwa nia ya thawabu. Hizo ni mirathi. Kwanza yalipwe madeni, kisha wasia, kilichobaki ni cha warithi, hadi kanzu na saa ya mkononi. Warithi watu wazima wakiridhia kutoa mafungu yao, inafaa. Mrithi mdogo ridhaa yake haizingatiwi, na fungu lake haliguswi.

Kinachotolewa kiwe kizima. Suratul Baqarah aya ya 267 inatukataza kukusudia kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Shati lililochanika ni tambara la jikoni, lisihesabiwe sadaka. Ukiuza jokofu linalosumbua, mwambie mnunuzi.

Makabati yakifunguliwa huibuka pia dhahabu iliyosahauliwa. Katika madhehebu ya Shafi'i, pambo la halali linalovaliwa halina zaka, ila lililowekwa kama akiba lina zaka likifika takriban gramu 85 na kupitiwa na mwaka: asilimia 2.5.

Misahafu na juzuu zilizochakaa zisitupwe jaani wala kufungiwa vitumbua. Zizikwe mahali safi pasipokanyagwa, au zichomwe hadi maandishi yaishe, kama Uthman (Radhiya Allahu anhu) alivyoamuru kwa nakala nyinginezo. Kwa mahali kama Bigwa, penye miteremko na mvua za mlimani, shimo la juu juu hufukuliwa na maji. Wachimbe kwa kina au wachome.

Ama baba aliyekwisha kugawa, amuulize mkewe kitu kimoja kimoja. Alichosamehe kwa moyo wake, kimepita. Asichosamehe, baba akakiombe kirudi kwa aliyempa, na kama kimeshatumika au kimepotea, amlipe mkewe thamani yake. Kunyamaza kwake kwa haya au kwa kuogopa ugomvi kusihesabiwe kuwa ni msamaha.

Wallahu a'lam.