Pijo, Probox na barabara ya Kamukuywa

Katika Kitale ya miaka ya 1970 na 1980, mtu aliyesema "nimekuja na Pijo" alikuwa amesema mengi kwa maneno machache. Hakupanda basi. Alilipa nauli ya juu kidogo, na hakusimamishwa kila penye mti na gunia. Peugeot, jina ambalo midomo ya huku ilikataa kulitamka Kifaransa tangu siku ya kwanza, lilikuwa jina la gari na pia la aina ya safari: abiria saba au zaidi ndani ya stesheni wagoni, mizigo imefungwa kwa kamba juu ya keria, na dereva akivuta gia iliyochomoza ubavuni mwa usukani.

Mara ya kwanza kupanda Pijo nilikuwa mtoto wa kupakatwa, tukitoka Kitale kwenda Bungoma. Kwa lami safari hiyo haifiki kilomita 100: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, halafu unakata kulia kuelekea Kanduyi. Siku hiyo dereva alichepukia Kimilili na Chwele, na ilikuwa Aprili. Anayezijua mvua za Aprili chini ya Mlima Elgon anajua udongo ule mwekundu unavyogeuka sabuni. Tulipita lori lililolala ubavu. Tulipita basi ambalo abiria wake walikuwa wameshuka na kukunja suruali. Pijo letu lilikuwa likitupa makalio kulia na kushoto kama mama anayecheza ngoma ya harusi, lakini halikusimama. Tangu siku ile nikawa mtu wa Pijo, na ninayaandika haya nikijua kwamba mimi si shahidi asiye na upande.

Ubishi wa magari katika miji hii miwili una pande tatu. Kuna wazee wa Pijo, ambao kwao gari ni chuma, na chuma kilikwisha kutengenezwa zamani. Kuna vijana wa Subaru, wanaotambua gari kwa mngurumo wake kabla halijatokea kwenye kona. Na kuna watu wa Probox, ambao hawabishani sana kwa sababu wako kazini. Ukikaa mahali popote panapooshewa magari, Jumapili mchana, utawasikia wote watatu. Mzee atagonga boneti kwa kifundo cha kidole ili usikie mlio. Kijana atakuuliza gari hilo linachukua sekunde ngapi kufika kilomita 100 kwa saa. Mwenye Probox atataja lita za mafuta.

Ili kuelewa kwa nini mzee yule anagonga boneti kwa fahari namna hiyo, lazima turudi nyuma kwenye mbio za Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na miaka ya mwanzo Volkswagen lile la mgongo wa kobe ndilo lililotamba. Kisha ikaja Peugeot 404, gari lililotoka kiwandani mwaka 1960 likiwa na umbo lililochorwa na Pininfarina wa Italia. Mwaka 1963 mvua ilinyesha bila huruma. Magari 84 yakaanza, yakamaliza 7. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland wa Tanganyika ya zamani, naye pia akiwa ndani ya 404. Mwaka 1968 mbingu zikafunguka tena: magari 93 yakaanza, na kwa mara nyingine yakafika 7 tu. Walioshinda? Nowicki na Cliff, katika 404.

Kwa mkulima wa Trans Nzoia au mfanyabiashara wa Bungoma, hilo lilikuwa tangazo ambalo hakuna kampuni ingeweza kulilipia. Mashindano hayakufanyika kwenye uwanja uliosawazishwa. Yalipita kwenye vumbi, mito iliyofurika na miinuko kama ile ya Cherangani, ambayo inaonekana ukisimama Kitale na kutazama mashariki. Watu walitoka mashambani wakajipanga kandokando ya barabara, wakaona kwa macho yao ni gari gani lililopita na lipi lililokokotwa. Gari lililofaulu mtihani ule lilikuwa limefaulu kwenye barabara zilezile ambazo mnunuzi angelipeleka kesho yake kuchukua mahindi.

Na mtihani ulikuwa na sababu zake za kiufundi, ambazo wazee huzieleza vizuri kuliko vitabu. Springi za Peugeot zilikuwa laini na zenye mwendo mrefu, hivyo tairi lilishuka ndani ya shimo na kupanda tena bila bodi kupigwa na mshtuko. Tumbo la gari lilikuwa mbali na ardhi. Injini iliegeshwa kwa kuinamishwa upande mmoja, na ukifungua boneti kila kitu kilikuwa mbele ya mkono: kabureta hapo, plagi hapo, rejeta hapo. Ilipokuja 504 mwaka 1968, ikachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya mwaka 1969, ikaongeza ulaini wa safari. Stesheni wagoni ya 504 iliwekewa springi nne kwenye mtaimbo wa nyuma, mbili kila upande. Ndiyo maana ulipoijaza watu, viazi na mbuzi mmoja, ilikaa chini kidogo kisha ikatulia, kana kwamba imepata uzito iliokuwa ikiusubiri. Katika Safari 504 ilishinda mwaka 1975 kwa mikono ya Ove Andersson, na mwaka 1978 kwa mikono ya Jean-Pierre Nicolas.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za usafirishaji zilizokuwa zikihitajika. Amri ile ya Nairobi ilifungua barabara za magharibi. Mtu mwenye stesheni wagoni moja sasa alikuwa na biashara halali. Mabasi yaliendelea kubeba wengi na mizigo mikubwa, lakini mwenye haraka, mwenye mgonjwa, au mwenye kwenda kuposa alitafuta Pijo.

Lakini kama ningeambiwa nichague Pijo moja tu ya kuweka kwenye kumbukumbu ya Kitale, nisingechagua ile ya abiria. Ningechagua pikapu. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi; Kenya Seed Company yenyewe ilianzia hapo Kitale mwaka 1956. Wakati wa mavuno, kati ya shamba na ghala kuna njia ambayo lori haliingii na punda hamalizi. Pikapu ya 504 ilibeba zaidi ya tani moja kihalali. Gunia la mahindi la Kenya ni kilo 90, basi piga hesabu: magunia 12 umefika kwenye tani na ushee. Hakuna mtu niliyemwona akiishia 12. Upande wa Bungoma pikapu hiyohiyo ilibeba vitunguu na ndizi kutoka soko la Chwele, saruji, majeneza, viti vya matanga, na kwaya nzima iliyosimama ikiimba. Familia nyingi za huku zilisomesha watoto kwa mgongo wa chuma hicho. Hilo ndilo linalofanya mzee agonge boneti, na kijana asiyejua hivyo hudhani ni ubishi wa vyuma.

504 iliendelea kuunganishwa hapa Kenya muda mrefu baada ya Wafaransa wenyewe kuiacha. Ulaya gari dogo la 504 lilikwisha mwaka 1983. Kenya tuliendelea hadi 2004, na yaliyounganishwa nchini yalikuwa takriban 27,000. Kufikia wakati huo, hata hivyo, mambo yalikuwa yamebadilika. Miaka ya 1990 milango ya uagizaji ilifunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka Mombasa kwa wingi. Corolla iliyokwisha kutembea ilikuwa nafuu kuliko Pijo jipya, na haikuhitaji kubembelezwa asubuhi ya baridi. Abiria nao walikwisha kuhamia kwenye matatu za viti 14, ambazo wengi huziita Nissan hata zikiwa Toyota. Mwaka huohuo wa 2004, mwezi wa Februari, kanuni za Waziri John Michuki zikaanza kutumika: mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni. Zilikuwa kanuni njema na ziliokoa maisha. Kwa mwenye Pijo la miaka 25, gharama ya kulifikisha kwenye kiwango hicho haikuwa na maana.

Sasa tuje kwa Probox, gari ambalo wapenzi wa magari hulidharau, na nadhani wanakosea. Toyota ililizindua mwaka 2002 liwe gari la kazi kwa makampuni ya Japani: kubeba karatasi, vifaa, bidhaa za dukani. Halina pambo. Sehemu ya mizigo ni bapa kama meza. Lilipofika huku, mafundi walifanya kile ambacho baba zao walilifanyia Pijo. Wakainua nyuma, wakaongeza nguvu ya springi, wakajua kila kelele yake inatoka wapi. Leo kwenye njia za Kimilili, Chwele na Lwakhakha, Probox ndilo linalobeba watu kupita idadi yake, na ndilo linalofika mvua ikinyesha. Wazee husema halina heshima. Nami nawauliza: Pijo lilipata wapi heshima yake, kama si kwa kubeba kuliko lilivyoagizwa?

Subaru lina historia nyingine, ila chanzo ni kilekile. Colin McRae alishinda Safari akiwa na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Vijana wengi wanaolilipia Subaru leo hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wakinyonya, lakini sifa haihitaji kuonekana kwa macho. Inarithiwa, kama jina. Baada ya 2002 Safari ilitolewa kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021, na siku hizi inakimbizwa karibu na Naivasha. Watoto wa Kitale hawajipangi tena kandokando ya barabara kuisubiri. Hilo linaniuma kuliko kupotea kwa gari lolote, maana ndiyo ilikuwa shule yetu ya kuhukumu magari.

Kuna kipimo kimoja ambacho pande zote tatu hukitumia bila kukitaja: gari likifa kati ya Misikhu na Kamukuywa saa moja usiku, nani atalifungua? Pijo lilifunguliwa na mtu yeyote mwenye spana mbili na tochi. Spea zilitoka Nairobi, barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan, na zilipokosekana fundi wa jua kali alichonga. Probox lina kompyuta, lakini ni kompyuta ambayo mafundi wamekwisha kuielewa. Kuna magari ya kisasa mazuri sana, tulivu, salama kuliko yote niliyoyataja, ambayo taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi fundi wa Bungoma anafunga boneti kwa upole na kukuambia ulipeleke Eldoret au Nairobi kwenye mashine. Siwalaumu walioyatengeneza. Nasema tu kwamba gari la namna hiyo halijawa la hapa bado.

Pijo yaliyobaki ukiyatafuta utayaona. Mengine yako nyuma ya nyumba, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Ukikuta bamba la namba la zamani, jeusi, herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, ujue gari hilo lilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA ulioanza mwaka 1989. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani, na kila mwaka yanapungua. Ningependa mtu mwenye nafasi anunue hata moja kabla halijakatwa vipande, alioshe, aliache na mabonde yake, alipeleke kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale, watoto wapande mgongoni.

Upande wa Kiminini ipo pikapu moja ya 504 ambayo hupita na maziwa asubuhi. Milango ina rangi mbili tofauti. Nilipoisikia kwa mbali nilishangaa, kwa sababu sauti haikuwa yake. Injini ya zamani ilikwisha kitambo, na fundi ametia ya Toyota, dizeli, akachomelea vishikio vipya ili ikae. Wapenzi wa Pijo wa Kitale wamegawanyika juu ya gari hilo. Wengine wanasema Pijo bila moyo wake ni bodi tu. Wengine wanasema bodi ndiyo Pijo, na moyo hata binadamu siku hizi anabadilishiwa. Mwenyewe hana muda wa kuwasikiliza, maziwa yanaharibika. Mimi ninapoyahesabu Pijo yaliyobaki barabarani, hilo nalihesabu.