Hawakucheka wote

Kila chama kinachofika Kasongo kuomba kura kinakuja na ligi mbili: ya vijana na ya wamama. Siku moja, kisha mkutano, tuko tunakunywa chai, niliuliza kama mashoga nao wanaweza kuwa na ligi yao. Wakacheka. Mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu."

Kweli, Uingereza vikundi vya namna hiyo viliundwa tangu 1975, ndani ya chama cha Labour na hata ndani ya Conservative. Lakini mimi nitajibu kwa historia ya Afrika.

Simon Nkoli alikuwa kijana mweusi wa Afrika Kusini, shoga, mpiganaji wa kupinga ubaguzi. Mwaka 1984 alikamatwa, kisha akashtakiwa uhaini pamoja na viongozi wa UDF, kama Popo Molefe na Mosiuoa Lekota. Humo gerezani akawafunulia wenzake ukweli wake. Wengine walikataa kabisa kusimama naye mahakamani, eti ataharibu kesi. Wakabishana sana. Fikirini: watu wanaoweza kunyongwa, na bado wanagombana juu ya mwenzao analala na nani! Mwishowe walibaki kizimbani pamoja, na Lekota mwenyewe alikuja kukiri kwamba Nkoli aliwafundisha.

Nje, mwaka 1987, kiongozi mmoja wa ANC huko London alisema haki za mashoga si jambo la maana. Kelele zikawa nyingi, hata Thabo Mbeki akaandika barua kusahihisha msimamo wa chama. Nkoli aliachiwa 1988, akaanzisha kikundi cha GLOW. Katiba ya muda ya 1993, halafu ile ya 1996, zikakataza kumbagua mtu kwa sababu hiyo. Nkoli hakupewa ligi na mtu. Alikuwa tayari ndani, wenzake wanamjua jina.

Kwetu Kongo, sheria ya makosa haiutaji ushoga. Parke inatumia kifungu cha 176, cha aibu mbele ya watu. Mwaka 2010 na 2013 wabunge walileta miswada ya kuufanya kosa, hakuna uliopita. Miswada hiyo ilitoka kwa watu wa vyama, vyenye ligi zao za vijana.

Ile siku ya chai, kijana mmoja tu hakucheka. Aliendelea kupanga viti, kichwa chini. Sikumuuliza kitu.