Miezi Isiyo na Mpira

Ligi ikimalizika, watu hudhani mshabiki naye amepumzika. Sivyo. Hiyo ndiyo miezi yake ya mashaka.

Sisi wa Kashaulili, hapa Mpanda, tuliifuata Yanga kwa masikio. Redio Tanzania ilitutangazia mechi. Ligi ilipokwisha tulibaki kungoja gazeti la Uhuru, lililofika kwa treni kupitia Kaliua likiwa limechakaa kwa siku kadhaa. Ukisoma kwamba mchezaji anataka kuhama, huenda amekwisha kuhama.

Mwaka 1976 mgogoro uliigawa Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935. Wachezaji kadhaa waliondoka, ikazaliwa Pan African. Mwalimu mwenzangu, tuliyesoma naye chuo cha ualimu na kuchangia gazeti moja, aliwafuata. "Mimi napenda wachezaji, si jina," alisema. Nikamwita msaliti. Tukaacha kutembeleana.

Mwaka 1982 Pan African ilitwaa ubingwa wa nchi. Ligi ikiwa imekwisha, alikuja kubisha hodi, gazeti mkononi. Hakuja kunicheka, alitaka tulisome pamoja kama zamani. Nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha. Hakurudi tena, na sasa ni marehemu.

Siku hizi mjukuu wangu hunisomea habari za usajili kwenye simu kabla chai haijapoa. Wachezaji huja na kuondoka, hata majina siyashiki. Yanga ninayo bado. Wa kusoma naye gazeti ndiye sina, na kosa ni langu.