Vita vya Panzi Chini ya Bahari

Muvi ya pili huwa na kazi ngumu. Ya kwanza imeshakula utamu wote: imetambulisha shujaa, imeonyesha uwezo wake, imemwangusha adui. Ya pili mara nyingi huja na milipuko mingi na stori kidogo, nawe unatoka ukumbini ukihesabu hela za tiketi. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama kuna mwendelezo wowote wa filamu za mashujaa unaomfaa mpenzi wa historia, jibu langu huwa tayari: Black Panther: Wakanda Forever, ya mwaka wa 2022. Ina dakika 161, kwa hivyo tafuta jioni ambayo huna haraka.

Mavazi peke yake yangetosha kukuketisha. Ruth E. Carter alishinda Oscar kwa mavazi hayo, na hiyo ilikuwa ya pili yake baada ya ile ya filamu ya kwanza. Lakini mimi naipendekeza kwa sababu ya karne ya 16.

Tuanze na msiba, maana filamu yenyewe inaanzia hapo. Chadwick Boseman, aliyeigiza Mfalme T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Mwelekezi Ryan Coogler hakumtafuta mtu mwingine wa kumvisha ile kofia. T'Challa naye anakufa, na dakika za mwanzo za filamu ni mazishi: nchi nzima imevaa nyeupe, ngoma zinalia, watu wanacheza huku wanalia. Shuri, dadake mfalme, mwanasayansi aliyeshindwa kupata dawa kwa wakati, hataki kukaa matanga. Anamwambia mama yake kwamba akiketi amfikirie kaka yake, atatamani kuichoma dunia na kila aliye ndani yake. Shika sentensi hiyo. Filamu nzima inaning'inia hapo.

Halafu anaingia Namor.

Namor ni mzee kwenye vitabu vya katuni. Bill Everett alimbuni mwaka wa 1939, miaka 27 kabla ya Stan Lee na Jack Kirby kumleta Black Panther mwaka wa 1966. Zamani alikuwa mtawala wa Atlantis, ule mji wa hadithi za Wagiriki. Coogler na mwandishi mwenzake Joe Robert Cole wakamhamisha. Sasa anatawala Talokan, jina linalotokana na Tlalocan, peponi pa mungu wa mvua kwa imani ya Wanahua wa Mexico, na watu wake ni Wamaya wa Yucatán. Katika filamu, babu zao wanakimbia mambo mawili yaliyokuja kwa meli moja: Wahispania na ndui. Wanakunywa dawa ya mmea uliokua penye vibranium, ngozi zao zinageuka buluu, hawawezi tena kupumua nchi kavu, wanaingia baharini. Mtoto wa kwanza kuzaliwa huko anarudi miaka baadaye kumzika mama yake kwenye udongo wa kwao. Anachokikuta ni shamba la Mhispania na watu wa kabila lake wakichapwa viboko.

Mmea ni wa kubuni. Viboko na ndui ni historia. Francisco de Montejo alianza kuivamia Yucatán mwaka wa 1527, na vita vilimkalia kigumu. Mji wa Mérida ulianzishwa mwaka wa 1542 juu ya magofu ya mji wa Wamaya ulioitwa T'ho. Miaka 20 baadaye, Julai 1562, mtawa Diego de Landa alikusanya sanamu na vitabu vya Wamaya katika mji wa Maní akavitia moto. Vitabu vya Wamaya vya kabla ya uvamizi vinavyojulikana kusalia duniani leo ni vinne tu, na vitatu kati yake vinaitwa kwa majina ya miji ya Ulaya vilikopelekwa: Dresden, Madrid na Paris.

Na bado Wamaya hawakuisha. Ufalme wao wa mwisho ulio huru, wa Waitza huko Nojpetén katika Guatemala ya leo, uliangushwa mwaka wa 1697, zaidi ya miaka 150 baada ya Mérida kuanzishwa. Kimaya cha Yucatán kinazungumzwa hadi sasa na mamia ya maelfu ya watu. Ndicho unachokisikia kwa Namor na jeshi lake.

Sasa njoo nyumbani kidogo. De Landa alipowasha moto ule, mfalme wa Uhispania alikuwa Felipe wa Pili. Mwaka wa 1580 Felipe huyo huyo akatwaa pia ufalme wa Ureno. Mwaka wa 1593, kwa amri yake, Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa. Ukienda trip ya shule ukapiga picha kwenye mizinga, unasimama ndani ya ngome ya mfalme aliyetawala Yucatán. Yucatán na Mombasa ziko mbali sana, lakini wakati ule zilikuwa zikitolewa amri na mtu mmoja.

Hapo ndipo stori ya filamu inaponikaa vizuri. Wamarekani wanaingiza baharini mashine ya kutafuta vibranium. Talokan inawaua mabaharia. Marekani inashuku Wakanda. Namor anamwendea Malkia Ramonda na masharti: niletee mwanasayansi aliyebuni mashine hii, la sivyo nitakuja kwako kwanza. Mwanasayansi mwenyewe ni msichana wa chuo, Riri Williams. Shuri anakataa auawe. Kabla hujamaliza popcorn, mataifa mawili yaliyofanya kila mbinu kujificha wakoloni yanauana, na wale waliotuma mashine wamekaa ofisini. Mkuu wa CIA anasema waziwazi kwamba huota Marekani ikiwa nchi pekee yenye vibranium. Wahenga walishamaliza: vita vya panzi, furaha kwa kunguru.

Pwani yetu inaijua hadithi hii. Vasco da Gama alipofika mwaka wa 1498, Mombasa haikumpokea vizuri. Malindi, iliyokuwa ikishindana na Mombasa, ilimkaribisha na kumpa rubani wa kumfikisha India. Mwaka wa 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliichoma Mombasa. Mwishowe ukoo wa Malindi ukapewa kiti cha Mombasa, chini ya kivuli cha ngome. Unadhani ulifaidi? Mtawala wa ukoo huo, Hassan, aliuawa mwaka wa 1614 kwa njama za Wareno wale wale. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, akabatizwa, akapewa jina Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala. Agosti 1631 akaingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kamanda, na mauaji yakawafikia wanawake, watoto na Waafrika waliokuwa Wakristo. Mwaka uliofuata aliiacha ngome, akaishia kuwa haramia baharini.

Humhitaji mwandishi wa Marvel kumwelewa Yusuf. Hasira yake ilikuwa na sababu, na bado ilimwagikia watu ambao hawakumuua baba yake. Shuri anafika mahali hapo hapo. Baada ya hasara ambayo siwezi kuisema hapa bila kukuharibia, anasimama juu ya Namor akiwa na mkuki mkononi. Atakachofanya ndicho kinachoitenga filamu hii na nyingine nyingi za aina yake.

Kunguru wengine pia wametajwa kwa majina. Mwanzoni Ramonda anasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko Geneva, na wapiganaji wa Kifaransa walionaswa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali wanapigishwa magoti mbele ya wajumbe. Rais Macron alikuwa ametangaza mwisho wa operesheni ya Barkhane tarehe 9 Novemba 2022, siku mbili tu kabla ya filamu kutoka Marekani. Februari iliyofuata waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alilalamika hadharani kuhusu jeshi lao lilivyochorwa. Waziri mzima, juu ya muvi!

Yuko pia Nakia, yaani Lupita wetu, aliyezaliwa Mexico City na anayezungumza Kihispania humu kwa raha zake. Nakia amehamia Haiti, anaendesha shule Cap-Haïtien. Haiti ilijikomboa kwa vita vya watumwa, vilivyoongozwa kwa muda mrefu na Toussaint Louverture. Wafaransa walimkamata mwaka wa 1802, akafia gerezani huko kwao mwaka wa 1803. Uhuru ukatangazwa tarehe 1 Januari 1804. Mwaka wa 1825 Ufaransa ikaidai Haiti faranga milioni 150 kama fidia ya mali iliyopoteza, wakiwemo watu wenyewe. Deni lilipunguzwa baadaye, lakini mikopo iliyotokana nalo ililipwa hadi 1947. Kaa na hayo kichwani, na usizime majina yanapoanza kupita. Kuna mtoto atatokea.

Ina makosa? Yapo. Sehemu za Riri zinanuka tangazo la kipindi kijacho, na zile za CIA zingekatwa nusu nisingelia. Linalonisumbua zaidi ni kwamba wenye mashine hawalipi chochote. Filamu inawajua, inawataja, kisha inatumia pesa zake zote kutuonyesha panzi wakipigana. Labda Disney haiwezi kufika mbali zaidi ya hapo. Sisi tunaweza, tukibishana baada ya kuitazama.

Ombi moja tu. Nawapenda sana maDJ wa muvi, na kuna vita vya kung fu ambavyo bila wao havinogi. Hii itazame kwa sauti yake yenyewe. Wakanda wanaongea Kixhosa, Talokan wanaongea Kimaya, na kwenye mkutano wa kwanza kati ya Namor na Ramonda lugha zinabadilika kulingana na nani anataka kueleweka na nani hataki. Sikiliza hapo vizuri. Halafu siku ukipita Mombasa, ingia Fort Jesus uulize habari za Yusuf.